Leseni ya mzee wa miaka 71: anza na macho

Shikamoo mzee wangu. Umeuliza uanzie wapi, leseni inaisha mwezi ujao na usiku taa za malori zinakuumiza macho. Anza na macho, TRA (mamlaka ya mapato inayotoa leseni) baadaye. Nenda KCMC, hospitali ya rufaa ya Moshi, kitengo cha macho, upimwe taratibu. Baba yangu naye alilalamikia taa hizohizo pale Boma Ng'ombe. Alipoziba jicho la kulia kwa kiganja, mstari wa tatu wa herufi ukampotea kabisa: mtoto wa jicho. Ugonjwa huo unafanyiwa upasuaji, usiogope. Ukishapata miwani au tiba, nenda TRA na leseni ya zamani, namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) na TIN (namba ya mlipakodi). Leseni mpya ni ya miaka 5. Kwa sasa, tafadhali, usiku mwachie kijana usukani.