Kutoka kuigiza vita uwanjani mpaka mbele ya kamera

Mkuu umeuliza kama miaka yako ya kuigiza vita vya zamani uwanjani itakubeba ukitaka kuingia kwenye filamu. Itakubeba, ila sio pale unapodhani.

Mi niko Maryland, Marekani, mwaka wa sita huu kwenye kikundi kinachoigiza askari weusi wa jeshi la Kaskazini, ile vita ya wenyewe kwa wenyewe Marekani 1861–1865. Wale askari walikuwa kama 179,000 na watu kibao hata hukuhuku hawawajui, inaniuma sana. Filamu ya Glory ya 1989, inayohusu hao askari, ilichukua watu wa uwanjani kama sisi, maana kushika bunduki ya Springfield ya kilo nne na ushee ndani ya sare ya sufu jua la Julai sio kitu cha kumfundisha ekstra (mtu wa kujaza tu kwenye filamu) asubuhi moja.

Sasa siku yangu ya kwanza seti, yaani pale wanaporekodi filamu, walitaka mikono na mdomo tu, nichane karatasi ya risasi kwa meno, nimimine baruti kwenye bunduki. Nikafanya, wakasema safi, rudia. Nikarudia, dada wa kontinuiti, anayehakikisha kila marudio yanafanana, akaja na picha, "kaka, mwanzo umechania kushoto, na kipande kilibaki kwenye lipsi". Tulirudia mara kumi na moja! Uwanjani vita inapigwa mara moja imeisha, huku ile sekunde moja unairudia vilevile hadi jua linazama, kwa hiyo anza leo kujizoeza mkono uleule, upande uleule.

Halafu uso. Uwanjani mtazamaji yuko mita mia, unakufa kwa mwili mzima ndo akuone, ukifanya hivyo kamera ikiwa karibu unaonekana muongo. Mimi kilichonitoa ni barua za wale askari weusi. Wa Massachusetts ya 54, kikosi kimoja cha hao askari, waliahidiwa dola 13 kwa mwezi kama wazungu, wakapewa 10 na 3 zinakatwa za nguo, wakagoma kupokea hata senti na vitani wakaendelea kwenda. Nilikuwa najirekodi na simu chumbani nikiliwaza hilo tu bila kufanya chochote usoni, na ndo rekodi waliyoichukua.

Bunduki yako acha nyumbani, seti kuna mtu wa silaha na neno lake ndo la mwisho. Sare yako waambie unayo, kuna wanaoongeza hela. Na ukipata siku tatu za uekstra chini ya mkataba wa SAG-AFTRA, chama cha waigizaji cha Marekani, unaweza kuomba uanachama, kwa hiyo zile karatasi za malipo tunza zote.