Carter kabla ya ugavana

Je, Jimmy Carter, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, alitoka kwenye biashara ya karanga akaingia moja kwa moja kwenye ugavana wa Georgia? Hapana. Alianzia Seneti ya jimbo la Georgia, 1963 hadi 1967, mihula miwili ya miaka miwili miwili. Seneti ya jimbo, si ile ya Washington. Hapo ndipo wengi wanapochanganya.

Biashara aliirithi. Baba yake alifariki 1953, Carter akaacha jeshi la majini akarudi kwao Plains, Georgia, kuendesha shamba, ghala la karanga, mbegu na mbolea. Baba mwenyewe alikuwa mbunge wa jimbo hilohilo alipofariki, kwa hiyo siasa haikuwa ngeni nyumbani.

Kiti chenyewe cha Seneti ya jimbo nusura akikose. Kwenye mchujo wa chama chake cha Democratic wa 1962 alitangazwa kushindwa na Homer Moore, naye mfanyabiashara wa karanga. Kumbe sanduku moja la kaunti ya Quitman lilikuwa na kura 420 wakati waliopiga ni 333! Alikwenda mahakamani, kura za hapo zikafutwa, akapita. Kisa hiki amekisimulia mwenyewe kwenye kitabu alichotoa 1992.

Ugavana aliujaribu 1966 akaangukia kwenye mchujo, akaupata 1970. Ghala lilibaki mali ya familia muda wote huo. Alipoingia Ikulu ya Marekani 1977 likawekwa chini ya mdhamini, yaani mtu wa kulisimamia kwa niaba yake.