Mwarobaini, shubiri na vidonge vya kisukari: jibu kwa aliyeuliza kuhusu mama yake

Ndugu uliyeuliza kama mama yako aendelee kunywa mwarobaini wa kuchemsha na shubiri huku akitumia metformini na glibenklamidi, nimehudumu miaka mingi katika duka la dawa hapa Ngamiani, Tanga, na swali kama lako huletwa kaunta mara kwa mara, kwa kawaida na mtoto wa mgonjwa na si mgonjwa mwenyewe.

Nianze na mwarobaini, kwa kuwa hatari ya karibu iko hapo. Majani yake yana uwezo wa kushusha sukari. Majaribio ya wanyama na machache ya binadamu yameonyesha hivyo, si maneno ya wauzaji tu. Lakini glibenklamidi nayo huishusha kwa kulilazimisha kongosho kutoa insulini, mgonjwa awe amekula au hajala, na kwa mzee mwenye figo dhaifu nguvu yake hudumu mwilini muda mrefu zaidi. Viwili hivyo vikikutana asubuhi kabla ya chai, sukari inaweza kushuka chini ya 3.9 mmol/L, naye akaanza kutoka jasho, kutetemeka na kusema maneno yasiyoeleweka. Nimeona wagonjwa wa namna hiyo wakiletwa na jamaa wanaoamini kwamba sukari imepanda, wanataka waongezewe vidonge. Kipimo cha tone la damu ya kidole hukata ubishi huo papo hapo. Metformini peke yake ni nadra kuleta balaa hilo.

Shubiri ina shida yake nyingine. Ute mweupe wa katikati ya jani si sawa na utomvu wa njano unaochuruzika chini ya ganda unapolikata. Utomvu una aloini, ambayo huuchochea utumbo na kuharisha, na ukinywewa kwa muda mrefu mwili hupoteza maji na potasiamu, madini ambayo moyo huyategemea ili upige sawasawa. Marekani iliuondoa mwaka 2002 katika dawa za kufungua choo zinazouzwa bila cheti cha daktari. Huku kwetu wengi husaga jani zima pamoja na ganda lake, kisha huusifu uchungu ambao kwa sehemu kubwa ni wa utomvu huohuo.

Siidharau miti, na mtu wa Tanga angeona haya kuidharau. Amani, milimani juu ya Muheza, Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti mwaka 1902 na wakapanda mikwinini, miti ambayo magome yake hutoa kwinini. Hata metformini chimbuko lake ni mmea: galega, uliotumiwa kama dawa Ulaya, una kiambata kiitwacho galegini ambacho hushusha sukari lakini kina sumu mno, hivyo wakemia wakatengeneza kemikali ya jamii hiyo iliyo salama zaidi, na mwaka 1957 daktari Mfaransa Jean Sterne akachapisha matokeo ya kuitumia kwa wagonjwa wa kisukari. Kidonge cha miligramu 500 leo na kesho ni kilekile, ilhali katika sufuria ya mwarobaini kiasi cha viambata hubadilika kwa umri wa majani, udongo na muda wa kuchemsha, na hakuna daktari anayeweza kupanga dozi juu ya kiasi asichokijua.

Kwa hiyo shubiri aiache sasa, na vidonge asiviache. Mwarobaini ningependa auache pia, ila wazee wetu nawajua. Akikataa, mpimeni sukari kabla ya kula na saa mbili baadaye, mwandike kwenye daftari, na daftari hilo liende naye kliniki ili daktari aamue kuhusu glibenklamidi. Msimfiche daktari.

Mkiletewa unga wa kopo, ulizeni kama umesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na muushuku zaidi ule unaoshusha sukari kwa siku moja tu. Nchini Singapore, mwaka 2008, dawa za nguvu za kiume zilizouzwa kwa jina la asili zilikutwa zimechanganywa na glibenklamidi, na baadhi ya waliozimeza walifariki. Mama yako tayari anameza dawa hiyohiyo kwa dozi aliyopangiwa.