Usikubali Kompyuta Ipigwe Windows Kabla Hujatoa Picha Zako

Kompyuta yetu ya mezani ilikaa juu ya kabati miaka mingi, imefunikwa kanga. Ndani yake kulikuwa na picha za mama, siku alipokuja kumpakata mjukuu wake wa kwanza. Mama ametangulia mbele ya haki, na picha zile hazikuwa mahali pengine popote. Mwaka jana nikaiteremsha, nikaiwasha. Windows XP, lile toleo la zamani la Windows, ikaja vizuri kabisa, ikadai neno la siri. Nikajaribu majina ya watoto, namba za simu za zamani, tarehe za kuzaliwa. Wapi!

Fundi niliyempelekea hakuimaliza hata dakika tano. "Hii tupige Windows upya, yaani tufute tusakinishe nyingine, kaka, itakuwa nyepesi." Na picha je? Akasema zitaondoka. Nikaibeba, nikarudi nayo nyumbani, na wewe ukiambiwa hivyo ibebe. Katika kompyuta za umri ule neno la siri hulinda mlango wa kuingilia tu. Mafaili yamo kwenye diski kama ulivyoyaacha, isipokuwa yale uliyoyasimba mwenyewe, yaani uliyoyafunga kwa msimbo. Kinachoyafuta ni huko kupiga Windows upya.

Kwa hiyo nilianza na picha, neno la siri likangoja. Kijana wa jirani alinichomea CD ya Puppy Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, ambayo ni nyepesi na haizilemei mashine kuukuu. Nilichagua CD kwa sababu kompyuta nyingi za zamani hazikubali kuwaka kwa fleshi. Linux ya namna hii hufanya kazi kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, bila kuigusa Windows. Nikaiwasha kompyuta kwa CD hiyo, nikafungua diski, nikaingia Documents and Settings, kisha folda yenye jina langu, na picha hizo hapo. Nilikaa kimya muda mrefu mbele ya ile ya kwanza, mkono wa mama kichwani mwa mtoto. Ndipo nikachomeka fleshi, nikanakili zote.

Baada ya hapo nikarudi mlangoni. XP ina akaunti iitwayo Administrator, ambayo wengi wetu hatukuwahi kuiwekea neno la siri. Washa kompyuta, bonyeza F8 mara kwa mara kabla nembo ya Windows haijatokea, chagua Safe Mode, yaani Windows iwake na vitu vya msingi tu. Akaunti hiyo ikionekana, ingia ukiacha nafasi ya neno la siri wazi. Yangu ilifunguka, nikaenda Control Panel, User Accounts, nikaweka neno jipya.

Kuanzia Windows Vista, toleo lililofuata XP, akaunti hiyo ya Administrator huja imezimwa, usiitegemee. Kwa Windows 10, kama ulikuwa ukiingia kwa akaunti ya Microsoft, neno la siri hubadilishwa mtandaoni, hata kwa simu. Diski ikiwa imefungwa kwa BitLocker, kinga ya Windows inayosimba diski nzima, hata Linux haitaona kitu bila ule ufunguo wa tarakimu 48. Utafute kwenye akaunti hiyohiyo ya Microsoft. Na kama ni laptopu ndogo, kwanza kagua Num Lock, kitufe cha kuwasha namba: ikiwaka, herufi kama J, K na L huandika namba, ukadhani umesahau kumbe hujasahau.

Fanya haya kwa kompyuta yako tu. Yangu siiungi kwenye intaneti, maana XP iliacha kupata marekebisho ya usalama Aprili 2014. Picha sasa ziko kwenye fleshi mbili, moja kwangu, nyingine kwa dada yangu Tanga.