Nishati huzunguka au hutiririka?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nauza dagaa Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Mwanangu yuko darasa la sita. Kwenye jaribio la sayansi aliandika "mzunguko wa nishati" kwa viumbe wa ziwani, akakosa. Mwalimu wake anataka "mtiririko wa nishati". Mimi naona huyu anamla yule, na yule analiwa na mwingine, chakula kinazunguka. Tofauti iko wapi?

Jibu: Marahaba mama. Tofauti ipo, tena kubwa, na imo ndani ya vitenzi vyenyewe.

Kinachozunguka hurudi kilikoanzia. Ndiyo maana twasema mzunguko wa damu: imetoka moyoni, imerudi moyoni. Kutiririka ni habari nyingine. Jasho hutiririka, machozi hutiririka. Nanyi mnaoishi kati ya mawe ya Mwanza mnayaona maji ya mvua yanavyotiririka juu ya jabali: yanashuka, mengine yanatuama kwenye mabonde ya jiwe, mengine yanakauka njiani, wala hakuna tone linalopanda tena juu ya jiwe.

Sasa chukua dagaa mmoja kwenye sado lako. Jua ulilomwanikia limemtoa maji tu. Nishati iliyomo mwilini mwake ni ya jua la siku za nyuma. Mwani mdogo wa ziwani uliunasa mwanga ukatengeneza chakula, vijidudu vya majini vikala mwani, dagaa akala vijidudu. Asingevuliwa, pengine angeliwa na sangara. Kila hatua, sehemu kubwa ya nishati hutumika kuogelea na kuuendesha mwili, mwisho hugeuka joto. Makadirio ya kawaida ni kwamba hatua inayofuata hupata kama sehemu moja ya kumi, ingawa kiwango hicho hupanda na kushuka. Kwa hesabu hiyo, mwani ukiwa na vipimo 10,000, vijidudu hupata 1,000, dagaa 100, sangara 10. Mtu akimla sangara huyo, anapata 1. Na lile joto lililotoka njiani halirudi kwenye mwani. Mwani unangoja jua la kesho. Hapo neno "mzunguko" linamdanganya msomaji, na mwalimu alikuwa na haki.

Lakini mtoto hakulitoa hewani neno lake, nawe usimgombeze. Kuna kitu kinachozunguka kweli: virutubisho. Sangara akifa akaoza, naitrojeni na fosforasi zilizokuwa mwilini mwake hurudi majini, na mwani huzichukua upya. Huo ndio "mzunguko wa virutubisho". Nadhani ndio uliomchanganya, maana nishati na virutubisho husafiri ndani ya tonge moja.

Utasikia pia watu wakisema nishati "hupotea". Si kosa, mradi tukumbuke kwamba kupotea si kuisha. Mbuzi aliyepotea yupo mahali, ila mwenyewe hamfaidi tena. Ndivyo ilivyo nishati: ipo, imekuwa joto, lakini hakuna kiumbe ziwani awezaye kuila. Mimi napenda zaidi "hugeuka joto", kwa kuwa inataja ilikokwenda.

Mwangalie pia anavyosoma mishale. Kwenye mnyororo wa chakula, mshale kutoka kwa dagaa kwenda kwa sangara husomwa "huliwa na". Watoto wengi huusoma "hula", na hapo dagaa anammeza sangara! Mshale hufuata nishati iendako.

Mpe karatasi achore upya: jua, mwani, vijidudu, dagaa, sangara. Kando ya kila kiumbe atoe mshale mwingine mdogo, auandikie "joto", na auache uelekee nje ya mchoro.