Jibu: Kwa nini mbio za mita 1500 za ndani zinaanzia upande wa pili?

Waalaikumu salaam dada wa Wete. Umeuliza kwa nini wale kinamama wa mita 1500 walipangwa upande wa pili wa uwanja, mbali na mstari wa kumalizia. Sababu ni kwamba raundi ya mbio za ndani, yaani zile za ndani ya ukumbi, ni mita 200 tu, nusu ya ile ya viwanja vya wazi kama Gombani au Amaan, kwa hiyo 1500 ni raundi saba na nusu. Ile nusu ndiyo inayowaanzisha ng'ambo.

Shughuli hasa iko kwenye kona. Zimebana, ndiyo maana zimeinuliwa upande wa nje. Ukikimbia hatua moja tu nje ya mwenzio kona zote, unaongeza karibu mita 6 kila raundi. Na sehemu iliyonyooka ni fupi mno. Hujamfikia bega, kona nyingine hiyo imekuja! Nimewahi kuchora duara kama hilo mchangani Jambiani, maji ya bamvua yametoka. Raundi ya tatu mguu wa kushoto ulikuwa unawaka moto, kwa sababu kona zote ni za kushoto.

Ndiyo maana nampenda sana Gudaf Tsegay wa Ethiopia. Huwa hasubiri kubanwa kwenye kundi, anatangulia mapema. Kwenye mashindano ya dunia ya ndani ya Nanjing, China, 2025, alimaliza mita 1500 kwa dakika 3:54.86, akimwacha wa pili zaidi ya sekunde 4. Rekodi yake ya Liévin, Ufaransa, 2021, ni 3:53.09.

Mwanao akitaka kujaribu, kwanza mzoeshe kona, taratibu, na abadilishe upande wa kuzunguka asiumie goti.