Kabla ya Kulipia Spika, Zisikilize Hivi

Ukisimama mbele ya duka la redio Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, muuzaji atawasha sabufa inayotikisa kioo na kupandisha sauti. Anajua afanyalo. Spika inayolia juu kidogo huonekana bora kuliko jirani yake, hata zikiwa sawa kabisa.

Kwa hiyo anza na kusawazisha. Pakua kwenye simu programu ya kupima desibeli, iweke pale utakaposikilizia, kisha kila jozi ipigwe kwa kiwango kimoja, mfano 75, tofauti isizidi desibeli 1. Pimia kwa mvumo wa "shhh" usiobadilika, kama wa redio isiyoshika stesheni, maana muziki hupanda na kushuka. Besi na trebo zirudi katikati, na kila kitufe cha kuongeza besi kizimwe. Usipofanya haya, mengine yote ni kupoteza muda.

Nenda na flashi yako yenye nyimbo unazozijua vizuri, ziwe faili za WAV au MP3 ya kbps 320, ambazo hazikubanwa sana. Faili lililobanwa mno litakufanya uilaumu spika bure.

Tanguliza sauti ya mwanamume anayesoma habari. Akisikika kama yumo ndani ya pipa, boksi lenyewe linavuma. Ligonge ubavuni usikie kama mbao ni nyembamba. Fuata na taarabu: mapigo ya qanuni yasikike moja moja, na herufi "s" za mwimbaji zisichome sikio. Kisha rumba ya Kongo, ambayo kwangu ndiyo mtihani mkuu. Gitaa la solo, la rithimu na la besi yasikike kila moja peke yake. Lifuate la besi: kila noti iwe na kimo chake. Sabufa mbovu hutoa "buum" moja kwa noti zote. Uzi mnene wa gitaa hilo huanzia takriban hezi 41 (mitetemo 41 kwa sekunde), kina ambacho spika ndogo ya inchi 4 haikifikii vizuri. Hilo si kosa lake.

Mwimbaji asiposimama katikati ya spika mbili na besi ikawa hafifu, usizikatae spika kwanza. Kagua waya: nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Upande mmoja ukigeuzwa, spika hizo hupingana na besi hupotea.

Maelfu ya wati za PMPO, yaani nguvu ya kilele cha kitambo kidogo tu, yapuuze. Soma kibandiko cha nyuma: mashine inayokula wati 60 za umeme haiwezi kutoa wati 1,000 mfululizo. Uliza wati za RMS, yaani nguvu inayotoka mfululizo, na omu, yaani kipimo cha ukinzani wa spika kwa umeme. Amplifaya iliyoandikwa omu 8 kwenda juu, ukiifunga spika za omu 4, huweza kuchemka na kujizima.

Dukani makatoni hunyonya mwangwi. Sebule yenye vigae na kuta tupu huurudisha, na kona huvimbisha besi. Omba spika zisogezwe nusu mita kutoka ukutani unaposikiliza. Kabla ya kulipa, patana siku za kubadilisha, ziandikwe kwenye risiti, na usitupe katoni wala maboya yake.